Pointi saba za Isebania, pointi saba za Sirari

Mtu wa Kehancha, Kenya, akivuka mpaka kwenda Tarime, Tanzania, hukuta Wakuria wenzake na Kiswahili kilekile. Misemo ya kufeli mtihani, hata hivyo, humkwamisha, kwa kuwa imezaliwa ndani ya jedwali la alama na kila nchi ina jedwali lake.

Anza na hesabu. KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, humpa mwenye A pointi 12 na mwenye E pointi moja. Katika mtihani wa kidato cha nne wa NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, mambo yamepinduliwa: A ni pointi moja, F ni tano, na hujumlishwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Kwa hiyo "kapata one ya saba," yaani divisheni ya kwanza kwa pointi saba, pale Sirari upande wa Tanzania ni A tupu, kuku achinjwe. Isebania, upande wa Kenya, pointi saba katika masomo saba ni E mfululizo. Anayefasiri akiibeba namba jinsi ilivyo, amemfelisha mtoto wa watu. Namba itupwe, ibaki "A zote saba."

"Kapata ziro" ni rahisi kidogo. Divisheni ziro ni pointi 34 au 35, maana yake F zote, au F sita na D moja ya kufutia machozi. "Amepata E" inatosha.

Ugumu uko kwenye D. Mkenya akisema "alipata D plain" anatangaza msiba. NECTA huihesabu D ya somo kuwa ni kufaulu, kwa hiyo Mtanzania atauliza tatizo liko wapi. Mimi ningeandika "kapata four ya mwishomwisho": daraja si lilelile hasa, ila aibu inalingana.

Wanaozungumza Kihispania nao hawajasalimika. Madrid mwanafunzi anayefeli hutumia kitenzi "catear," Mexico "tronar," Peru "jalar." Anayetafsiri misimu ya Kiingereza kwenda Kihispania lazima kwanza aulize msomaji anaishi nchi gani.

Halafu kuna "kudisko," yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, neno la vyuo vya Tanzania. Ukiliacha hivyo Migori, Kenya, mzazi atadhani mwanawe yuko disko matanga. Hapa sioni msimu wa kushika nafasi yake. Andika tu "chuo kimemtimua, amefeli," utani upotee, habari ifike.