Hongera, wanaoifundisha kompyuta Kisukuma

Katika mgodi wa Mwadui, Shinyanga, tangu John Williamson agundue almasi mwaka 1940, tani nyingi za mwamba husagwa kwa ajili ya punje chache. Wanafunzi wa uzamili wa teknolojia ya lugha wanaijua kazi hiyo: mazungumzo ya saa nzima, dakika chache zinazofaa. Tena Kisukuma ni kigumu! Irabu zake saba, Kiswahili tano. Toni ya juu husikika silabi mbili mbele ya ilikotoka, nasi tunaandika bila alama. Kompyuta itajifunzia wapi? Mwanaisimu Herman Batibo alikichambua Kisukuma kitabuni mwaka 1985, kwa Kifaransa. Miaka hiyohiyo, Arvi Hurskainen wa Helsinki aliifundisha kompyuta sarufi ya Kiswahili. Hongera basi mnaozunguka vijijini Shinyanga na vinasa sauti; wazee wana mengi, na hawasemi polepole.