Ateri Inavyoifichua Saratani ya Ini na Kufungua Njia ya Tiba

Ini hutofautiana na viungo vingi vya mwili kwa kuwa hupokea damu kupitia njia mbili: ateri ya ini, ambayo huleta damu yenye oksijeni nyingi, na vena ya potali, ambayo hukusanya damu yenye virutubisho kutoka kwenye utumbo na kulipatia ini takriban robo tatu ya damu yake. Uvimbe wa saratani inayoanzia katika chembe za ini, kinyume chake, hulishwa karibu kabisa na ateri, na tofauti hiyo ndiyo iliyozaa mbinu kuu za kuutambua na kuutibu.

Katika kipimo cha CT, mgonjwa huchomwa mshipani dawa yenye iodini inayozidisha mng'ao wa damu pichani, kisha picha hupigwa kwa awamu. Dawa inapokuwa bado imo katika ateri, uvimbe hung'aa kuliko ini linalouzunguka. Dakika chache baadaye, damu ya vena ya potali ikishaling'arisha ini zima, uvimbe huonekana umefifia. Kwa mgonjwa mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, uvimbe wa sentimita 1 au zaidi wenye dalili zote mbili huweza kuthibitishwa kuwa saratani bila kukata kipande kidogo cha uvimbe ili kichunguzwe, hatua ambayo huweza kusababisha kuvuja damu.

Tiba ilifuata njia iyo hiyo. Katheta, yaani mpira mwembamba, hupitishwa katika ateri ya kinena hadi kwenye tawi linaloulisha uvimbe, ambapo humwagwa dawa ya saratani pamoja na chembechembe za kuziba mshipa. Uvimbe hukosa damu, ilhali sehemu nyingine ya ini huendelea kulishwa na vena ya potali. Mwaka 2002, majaribio ya Barcelona na Hong Kong yalionyesha kuwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu huishi muda mrefu zaidi kwa tiba hiyo.

Kwa saratani iliyokwisha kukua sana, dawa ya bevacizumab huzuia uvimbe kujiotesha mishipa mipya, nayo atezolizumab huiwezesha kinga ya mwili kuushambulia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020, asilimia 67.2 ya waliopewa dawa hizo mbili walikuwa hai baada ya miezi 12, ikilinganishwa na asilimia 54.6 ya waliotumia dawa ya sorafenib.

Hata hivyo, nafasi kubwa ya kupona hubaki kwa uvimbe uliogunduliwa ukiwa mdogo, ambao huweza kukatwa, kuunguzwa kwa joto au kuondolewa kwa upandikizaji wa ini. Kwa hiyo, mwenye sirosisi hana budi kupimwa kwa ultrasaundi kila baada ya miezi 6, na kila mtoto mchanga apewe chanjo ya homa ya ini aina ya B, kwa maana virusi vya homa hiyo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani hii barani Afrika.