Mzigo wa Neno "Nguvu" katika Istilahi za Injini za Mashua

Neno nguvu limebebeshwa mzigo unaozidi mabega yake. Katika tafsiri za vitabu vya injini hutumika kwa kani inayokisukuma chombo, kwa kani inayoizungusha shafti, kwa kazi inayofanyika katika muda maalumu, na hata kwa ukubwa wa injini yenyewe. Mshairi hufaidika na utajiri huo wa maana. Fundi, mwalimu wa fizikia na ofisa anayeandika masharti ya zabuni hupata hasara, na hasara yao huhesabika kwa fedha.

Tumechagua kulipima jambo hili kwa chombo cha aina moja, nacho ni mashua za mawimbi zitumikazo katika maziwa ya Marekani. Mashua hizi humvuta mchezaji aliyesimama juu ya ubao, au humzalishia wimbi ambalo huliteleza bila kushika kamba. Tumezichagua kwa sababu wenyewe hawachoki kuzirekebisha, na kila rekebisho huelekea kutafsiriwa kwa maneno mawili tu: "kuongeza nguvu".

Kwanza yafaa tueleze kazi ya chombo hiki. Mashua ya kumvuta mtelezi wa kawaida huenda kasi hadi kilomita 58 kwa saa, na husifiwa kwa kuacha wimbi dogo. Mashua ya mawimbi husifiwa kwa kinyume chake. Mchezo wa kuteleza bila kamba hutaka mwendo wa takriban kilomita 16 hadi 20 kwa saa tu, lakini tezi sharti izame ili wimbi liwe kubwa. Kwa hiyo matangi hujazwa maji ziwani kwa pampu, na uzito wake waweza kuzidi kilo 1,000. Chombo hicho hutembea polepole, na bado huilemea injini.

Mwenye mashua akiona injini yake imelemewa, ana njia nne za kawaida. Ya kwanza ni kutia injini yenye ujazo mkubwa zaidi, mathalani ya lita 6.2 badala ya 5.7. Ya pili ni kutia supachaja, yaani mtambo wa kushindilia hewa ndani ya silinda. Ya tatu ni kubadili uwiano wa giaboksi. Ya nne ni kubadili rafadha. Mfasiri anayeziandika zote nne kuwa ni "kuongeza nguvu" amesema kweli mara mbili na uwongo mara mbili.

Hesabu itathibitisha. Tuseme injini inatoa kani ya kuzungusha ya nyutoni-mita 400 ikiwa katika mizunguko 3,000 kwa dakika. Nguvu yake ni takriban kilowati 126. Tukiifunga giaboksi yenye uwiano wa 1.5 kwa 1, shafti itazunguka mara 2,000 kwa dakika, na kani ya kuizungusha itapanda hadi nyutoni-mita 600. Je, nguvu imeongezeka? La. Ukiacha kiasi kidogo kinachopotea kwa msuguano, kilowati ni zile zile 126. Kitu kimoja kimeongezeka na kingine kimepungua, na lugha isiyo na majina mawili haiwezi kuyasema hayo.

Mfano wa Ziwa Tahoe, lililo kiasi cha meta 1,900 juu ya usawa wa bahari, ni dhahiri zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na supachaja hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yake. Mwenye mashua akifunga supachaja, hurudisha nguvu iliyopotea. Akifunga rafadha ya hatua fupi, harudishi hata kilowati moja ya uwezo wa injini. Huipunguzia injini mzigo, ikapata kufikia mizunguko ambayo nguvu yake iliyobaki hupatikana. Njia zote mbili zaweza kuwa sahihi, lakini gharama zake hazikaribiani, na mnunuzi anastahili kuambiwa ananunua kipi.

Sasa tugeukie istilahi zenyewe. Maneno kani na nishati yamekwisha kuzoeleka katika masomo ya fizikia, nayo yatumike bila woga. Wako wanaopendekeza neno uwezo kwa kipimo cha kilowati, ili nguvu libaki neno la kila siku. Hatukubaliani nao. Sheria za Marekani hudai mashua nyingi za injini zisizofika futi 20 ziwe na bamba la kuonyesha idadi ya watu na uzito unaoruhusiwa. Zikiwa za injini ya nje, bamba huonyesha pia idadi ya juu ya farasi. Bamba la namna hiyo likiandikwa kwa Kiswahili, neno uwezo litaangukia mzigo na injini kwa pamoja, na msomaji atazama kwa kosa la mfasiri. Uwezo liachiwe mzigo. Nguvu libanwe kwa kilowati na farasi, ambako watu wamekwisha kulizoea.

Kwa kani ya kuzungusha, "msokoto" ni neno fupi, lakini kinachosokotwa ni kamba, na shafti njema haisokotwi. Sisi twapendekeza kanizungushi. Wanafizikia watapinga kuwa jambo hili si kani tupu, kwa kuwa umbali nao umo ndani yake. Ni kweli, lakini kanieneo nayo si kani tupu, na wanafunzi hawajapotea kwa sababu hiyo.

Umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama maji yasingeteleza, tunauita hatua. Wafaransa nao hutumia neno lao la hatua kwa maana hii. Ama kuhusu uzito wa kuzamisha tezi, hatuoni sababu ya kuandika "balasti". Wanamaji wa pwani wanayo farumi tangu zamani. Kwamba farumi ya jahazi hutuliza chombo, na ya mashua hizi hukuza wimbi, si hoja: zote ni uzito unaopakiwa kwa ajili ya chombo wala si kwa ajili ya biashara.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya wachezaji wa ng'ambo tu. Ziwa Victoria liko kiasi cha meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na supachaja hupoteza huko karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Ofisa akiagiza "injini yenye nguvu zaidi" kwa boti ya doria au ya abiria, muuzaji atamletea farasi wengi, na atakuwa ametimiza mkataba. Boti ikibebeshwa mzigo na rafadha ya hatua ndefu, itaendelea kusuasua, na injini iliyolemewa itachakaa kabla ya wakati wake. Masharti ya zabuni na yataje nguvu kwa kilowati, kanizungushi pamoja na mizunguko yake, uwiano wa giaboksi, hatua ya rafadha, na mwinuko wa mahali pa kazi. Hapo muuzaji hatakuwa na neno la kujifichia.