Ufundi wa Likizo Fupi ya Masika

Likizo ya Aprili huwakuta watoto wa Migori na Homa Bay katikati ya masika. Kaunti hizi mbili ziko kusini kidogo tu mwa ikweta, Homa Bay kama nusu digrii na mji wa Migori kama digrii moja, kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kutajika mwaka mzima. Msimu hujulikana kwa mvua. Mvua ndefu, ambazo Wajaluo huziita chwiri, huanza mwishoni mwa Februari au Machi, hufikia kilele Aprili, kisha hupungua. Shule zinapofungwa katika mwezi huo wa kilele, mzazi mwenye watoto wadogo hukabiliwa na mambo matatu kwa mpigo: magugu yanayokua upesi kuliko mahindi, watoto wanaotaka kupelekwa mahali, na mawingu yasiyomhakikishia mtu lolote baada ya saa nane mchana. Kuyapatanisha hayo matatu ni ufundi kamili, ingawa hakuna chuo kinachoufundisha, na akina mama na nyanya waliobobea humo hawajiiti mafundi.

Kazi ya shamba hutangulia likizo yenyewe. Mbegu hutiwa ardhini Machi, mara nyingi Jumamosi watoto wakiwa nyumbani, na katika boma la Kijaluo linaloshika mila hazitiwi ovyo. Golo kodhi, ule utoaji wa mbegu za kwanza za msimu, hufuata ukubwa: mwenye boma na mikayi, mke mkubwa, hutangulia, wake wengine huja kwa zamu zao, kisha wana kwa mpangilio wa kuzaliwa. Familia nyingi siku hizi, hasa za mjini na za makanisa yaliyoiacha mila hiyo, hupanda mara mvua inapokolea, na si ajabu ubishi kuzuka pale kijana anapotangulia kupanda ilhali wakubwa wake hawajashika jembe. Kwa mtoto wa miaka sita, hata hivyo, mila hii ni somo la nasaba lisilohitaji daftari. Anajua baba mdogo yupi ni wa ngapi kwa kuangalia anayeingia shambani baada ya nani.

Upandaji wenyewe hugawanywa kwa umri. Kamba huvutwa kutoka ncha hadi ncha ya shamba, mistari ikiachana sentimita 75 hivi. Mtu mzima huchimba vishimo, mwingine hutia mbolea kwa kifuniko cha soda na kuifunika kwa udongo ili isiunguze mbegu, na mtoto hufuata nyuma akidondosha punje mbili katika kila kishimo. Mbolea haimhusu. Mlezi mzoefu humpa kikombe cha mbegu badala ya mfuko, maana kikombe hakichelewi kwisha, na kikiisha mtoto ana sababu ya kurudi kivulini kwa nyanya, anywe maji, aulizwe amefika wapi, ajaziwe tena. Ndivyo anavyofanya kazi asubuhi nzima bila kuona kwamba amepumzishwa mara nyingi.

Kufikia Aprili mahindi yamechipuka na palizi ya kwanza imewadia. Hapo ndipo fundi hutofautiana na mkulima wa kawaida mwenye watoto miguuni. Mche mchanga wa mtama na nyasi pori hufanana hata machoni pa mtu mzima mwenye haraka. Mtoto akiingizwa humo na jembe dogo, hasara ni ya mtama. Hupewa mistari ya mahindi yaliyochanganywa na maharagwe, ambako jani la kung'olewa na la kuachwa hayafanani hata kidogo, na hupewa mkono wake mwenyewe, si jembe. Baadaye msimuni huonyeshwa kayongo, gugu la maua ya zambarau ambalo Waswahili wengine hulijua kwa jina la kiduha. Hili hunyonya mizizi ya mahindi chini ya ardhi kabla halijaonekana juu, na mmea mmoja huweza kuacha makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, zinazokaa udongoni miaka mingi. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye kampasi Mbita, kimewafundisha wakulima wa eneo hili kupanda desmodiamu katikati ya mistari ili kulizuia. Pale ambapo desmodiamu haijafika, macho ya watoto yaliyo karibu na ardhi hulivumbua ua la zambarau mapema, na kuling'oa kabla halijatoa mbegu ni kazi inayowafaa kabisa.

Malipo ya palizi hutoka ardhini usiku. Baada ya mvua kubwa, kumbikumbi, ng'wen kwa Kijaluo, huruka kwa wingi kuifuata taa. Beseni la maji huwekwa chini ya taa hiyo. Wadudu huanguka, mabawa hulowa, na watoto huwazoa kwa viganja huku wakigombea nani amepata wengi. Aina nyingine hutoka mchana, na hizo hutegwa kwenye kichuguu: matawi huinamishwa juu yake, blanketi hufunikwa, tundu moja huachwa lielekee kwenye chungu, kisha watoto hugonga vijiti juu ya ubao kwa mdundo wa mvua inayonyesha. Wakubwa husema kumbikumbi hudanganyika wakatoka. Hukaangwa bila mafuta kwa chumvi kidogo, mabawa hupepetwa kwa ungo, na kilichobaki huliwa kikiwa moto. Duka la vitu vya kuchezea halina cha kushindana na jioni kama hiyo.

Palizi ikimalizika, zinabaki siku chache kabla magugu hayajaamka tena. Hizo ndizo siku za safari, na mvua ya upande huu ina saa zake. Jua huipasha nchi kavu joto upesi kuliko ziwa, upepo wa ziwani huingia bara na kupanda kuelekea nyanda za juu za Kisii na Kericho, na unyevu huo ukipoa huko juu hurudi kama ngurumo na mvua, mara nyingi kati ya alasiri na magharibi. Usiku upepo hugeuka, na dhoruba huhamia juu ya maji hadi alfajiri. Kwa msafiri mwenye watoto, siku ni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. Kinachobaki ni cha kula, kulala na kusikiliza mabati. Anayepanga mambo mawili kwa siku moja hupata nusu ya kila moja, na watoto wanaolia katika safari yote ya matatu ya kurudi.

Mzigo hupimwa kwa namna hiyohiyo. Ndoo yenye kifuniko hubeba nguo kavu, huwa kiti kituoni, kisha huwa ndoo ya kuogea. Chandarua ni lazima, maana ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima na mvua huiongeza. Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto wadogo, Septemba 2019, ilizindulia Homa Bay, na si kwa bahati. Chanjo hupunguza hatari tu. Chandarua bado husafiri. Malazi kwa kawaida ni kwa jamaa: sukari, majani ya chai na mkate hutangulia mlangoni. Pakiwa ni kwa mjomba, kaka wa mama, mtoto hupokelewa kwa jina la "okewa" na kudekezwa kuliko nyumbani kwao, jambo ambalo mzazi mwerevu hulihesabu katika mipango yake, kwa kuwa humpa mapumziko ya saa kadhaa.

Kutoka Migori, mahali panapostahili asubuhi nzima ni Thimlich Ohinga, kama kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji. Ni boma kubwa la mawe lililojengwa kuanzia karne ya 16, na UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, unene wa mita moja hadi tatu, na hakuna saruji wala udongo wa kuzishikanisha. Mawe makubwa yamepangwa kwa nje na kwa ndani, madogo yamejazwa katikati, na uzito wenyewe ndio unaoyafunga. Waliolijenga hawakuwa jamii moja. Wakazi walifuatana kwa vizazi, na kila waliofika walizikarabati kuta walizozikuta.

Mambo haya yakisemwa mfululizo mbele ya mtoto wa miaka mitano hupotea hewani. Penye ufundi, husemwa kidogokidogo, mlangoni. Milango ya Kochieng, boma kubwa kuliko yote yaliyomo, ni mifupi makusudi, ili adui aingie ameinama asiweze kuinua silaha. Baba hupita amekunja mgongo. Mtoto hupita wima, kisha hugeuka kumtazama. Hapo huuliza mwenyewe kwa nini mlango ni mfupi, na jibu lina mahali pa kukaa. Hapaswi kugusa mawe ya ukutani, lakini nje ya hifadhi, kando ya barabara, mawe ni tele: akijaribu kusimamisha ukuta wa kimo cha goti bila udongo, hugundua baada ya kuanguka mara kadhaa kwamba vijiwe vya katikati si takataka. Jambo la kumkanya ni utomvu mweupe wa miti ya bondo iliyo pale, maana unachoma macho.

Upande wa Homa Bay, wengi hufikiria kwanza Hifadhi ya Taifa ya Ruma katika bonde la Lambwe, kilomita za mraba 120, makao ya pekee nchini ya korongo, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Aprili si mwezi wake kwa familia ya watoto wadogo. Nyasi zimepanda, wanyama hawaonekani, na udongo mweusi hukamata magurudumu. Atakayekwenda hata hivyo asiwavishe watoto nguo za buluu, kwa sababu mbung'o wa Lambwe huvutwa na rangi hiyo. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi.

Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, hufaa zaidi. Ni ziwa dogo la magadi ndani ya shimo la volkano, huzungukwa kwa miguu asubuhi moja, na heroe hutua hapo. Kisa chake hujulikana kote Nyanza: kikongwe alifika kijijini usiku wa mvua, watu wakiwa kwenye pombe, wakamfukuza, mwanamke mmoja tu alimpa moto na chakula, naye peke yake na waliomfuata waliokoka maji yalipokimeza kijiji. Wasimuliaji wazuri hawakianzi garini. Hungoja watoto wafike ukingoni, wanuse magadi, waulize mbona hakuna mtumbwi hata mmoja.

Ziwa kubwa lenyewe halihitaji maandalizi mengi, ila mzazi hakubali mtoto aoge ufukoni, kwa ajili ya kichocho. Omena, wale dagaa wa ziwani, hazivuliwi: kanuni za uvuvi hulifunga ziwa kwa samaki hao kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai ili wazaane, hivyo zile taa za wavuvi za usiku ambazo watu huja kuzitazama hazipo. Ngege na mbuta wapo. Ngege mzima huletwa mezani na mchuzi wake, na mkubwa huipekua nyama kwa vidole viwili, akitoa miiba hadi ule mwembamba, kabla ya kuiweka juu ya tonge la mtoto. Chake mwenyewe hukila kikiwa kimepoa.

Siku ya tatu ya safari, familia hurudi nyumbani kabla ya saa saba. Palizi ya pili hungoja, maharagwe yakikaribia kutoa maua, na nguo za shule hufuliwa mapema kwa kuwa hazikauki kwa siku moja. Muhula wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Maharagwe huvunwa watoto wakiwa darasani. Mahindi waliyoyadondosha kwa kikombe huiva kuelekea likizo ya Agosti.