Hodi Isiyoitikiwa: Usawiri wa Mwenyeji katika Masimulizi ya Vijana Wamisionari wa Kimormoni

Katika uhakiki wa fasihi ya Afrika, mmisionari ni mhusika ambaye kwa kawaida tumemtazama kutoka nje. Tangu Ngugi wa Thiong'o alipomchora Livingstone wa Siriana katika The River Between (1965), swali letu kuu limekuwa: je, ujio wake uliifanya nini jamii iliyompokea? Swali hilo lingali na uzito. Hata hivyo, lipo kundi la masimulizi ambalo humtazama mmisionari kutoka ndani, tena akiwa kijana asiyejua mengi: masimulizi ya wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba ubora wa masimulizi hayo hautokani na ukubwa wa imani wala wa masaibu ya msimulizi, bali na nafasi anayopewa yule anayebishiwa mlango.

Yafaa kwanza kueleza hali anamotiwa kijana huyu. Mvulana hutumwa kwa miaka 2, msichana kwa miezi 18. Hachagui aendako. Hadi mwaka 2012 wavulana walianza utumishi wakiwa na umri wa miaka 19. Hutembea wawili wawili, na mwenzake huchaguliwa na wakubwa wake. Hadi mwaka 2019 mazungumzo ya simu na wazazi yaliruhusiwa kwa kawaida mara mbili tu kwa mwaka. Juu ya yote, kijana huyu huvishwa cheo ambacho kanisa hilo limekitafsiri kwa Kiswahili kuwa "Mzee". Msomaji wa Kiswahili hana budi kukiona kinaya kilichomo: barobaro anaitwa Mzee na watu anaotaka kuwafundisha maisha, ilhali maisha yenyewe hajayaishi. Furaha na machungu ya utumishi huu huchimbuka katika pengo hilo baina ya cheo na umri.

Utanzu uliozoeleka wa kuyaeleza mambo haya ni ushuhuda. Kanuni ya ushuhuda ni kwamba dhiki sharti izae ushindi. Mfano wake bora ni filamu ya The Other Side of Heaven (2001), iliyoongozwa na Mitch Davis kwa kufuata kumbukumbu za John H. Groberg, kijana wa Idaho aliyetumwa Tonga katika miaka ya 1950. Muundo wake unakaribiana na ule wa utendi. Shujaa anavuka bahari, anatafunwa nyayo na panya, anastahimili kimbunga na njaa, anajifunza lugha kwa kusoma Biblia ya Kiingereza na ya Kitonga sambamba. Hatuwezi kuikana haiba ya filamu hii, wala upendo wake kwa watu wa visiwa vile. Lakini tuangalie lugha ya moyoni imewekwa wapi. Imewekwa katika barua za Groberg na mchumba wake aliyeko Marekani. Feki, mwandani wake Mtonga, anaijua bahari, lugha na watu. Na bado safari yake ya ndani hatuioni. Shaka ya Watonga ni kizingiti cha shujaa, na kukubali kwao ni tuzo yake. Kwa hivyo hata majonzi ya kijana hayapati kuwa majonzi kamili, kwa kuwa tangu mwanzo yamekwisha kuahidiwa fidia.

Yamkini mtu atadhani kwamba kejeli ndiyo dawa ya ushuhuda. Tamthilia ya muziki The Book of Mormon ya Trey Parker, Robert Lopez na Matt Stone, iliyoanza kuonyeshwa Broadway mwaka 2011 na kutunukiwa tuzo 9 za Tony, inatuonyesha sivyo. Vijana wawili, Price na Cunningham, wanatumwa Uganda. Price alitamani Orlando. Kuvunjika kwa ndoto yake kumechorwa kwa umahiri, na watunzi wanaielewa barabara fedheha ya kijana aliyeaminishwa kwamba yeye ni mteule. Lakini ili kicheko hicho kipatikane, mwenyeji anageuzwa pazia la nyuma ya jukwaa. Kijiji kinasemekana kuwa kaskazini mwa Uganda, ilhali msichana mkuu ana jina lenye sauti ya Kiganda, Nabulungi, na mbabe wa vita amepewa lakabu inayotokana na ya mpiganaji wa Liberia. Cunningham halijui jina la Nabulungi. Kila mara hulitaja kombo, na hadhira hucheka. Watetezi wa tamthilia hii husema kwamba kinachokejeliwa ni ujinga wa Mmarekani. Hoja hiyo ina ukweli nusu, maana ujinga wa mhusika hauwezi kusahihishwa na kazi ambayo yenyewe imechanganya Liberia na Uganda. Baada ya waigizaji weusi kulalamika, watunzi waliyapitia upya baadhi ya maonyesho kabla ya tamthilia kurejea jukwaani mwaka 2021. Msingi wake, hata hivyo, haukubadilika.

Kazi inayoepuka mitego yote miwili ni tawasifu ya Craig Harline, Way Below the Angels (2014). Harline alitumwa Ubelgiji katika miaka ya 1970, miongoni mwa Wakatoliki wanaosema Kiholanzi. Alikwenda na ndoto ya kuwabatiza wengi. Alichokipata ni milango inayofungwa. Hapana kimbunga hapa, wala mbabe wa vita. Pana mvua, lugha inayogoma kutoka kinywani, na watu wenye adabu wasiomhitaji. Usimulizi unaendeshwa na nafsi mbili: kijana wa miaka 19 na mwanahistoria wa makamo anayemtazama. Mzee wa kweli anamcheka yule Mzee wa cheo, lakini hamdharau. Ucheshi wake, pamoja na ile mitungo mirefu ya maneno yaliyounganishwa kwa vistari, wakati mwingine hupita kiasi na kulififisha jeraha ambalo msomaji angependa kuliona. Hiyo ni dosari. Faida yake ni kwamba kicheko hakimwangukii mwenyeji hata mara moja. Mbelgiji anayekataa ana sababu zake, na sababu hizo zinaheshimiwa. Kijana anatambua polepole kwamba aliyemwona kama mtu wa kuongolewa ni mtu kamili tayari. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa anayepona ni mgeni.

Maisha ya mwandishi baadaye yanaithibitisha tafsiri hii. Harline alibaki Mmormoni, akawa mwanahistoria wa Ukatoliki wa nchi zilezile. Kitabu chake cha The Burdens of Sister Margaret (1994) kinamhusu mtawa wa Leuven wa karne ya 17. Watu aliotaka kuwahubiria ndio aliotumia miaka mingi kuwasikiliza.

Lakini hatuna budi kuuliza: je, Harline angekuwa msikivu hivyo lau angetumwa Tonga au Uganda? Swali hili halijibiki kwa kumsoma Harline peke yake. Kanisa lake liliwazuia wanaume weusi kupata ukuhani hadi mwaka 1978. Kenya ililitambua kisheria mwaka 1991, na vijana wa Afrika Mashariki nao sasa huvaa shati jeupe na beji. Wao hubisha milango ya watu wenye desturi ya hodi, ambao kwao anayebisha hungoja kuitikiwa, na asipoitikiwa huondoka bila kinyongo. Simulizi ya kijana kama huyo, ikiandikwa kwa Kiswahili, haitakuwa na mwenyeji wa kubuniwa kutoka mbali. Mwenyeji atakuwa shangazi, jirani au mwalimu wa zamani, na kukataa kwake kutakuwa na sauti anayoijua msimulizi. Kazi hiyo itakapopatikana, tusiipime kwa idadi ya waliobatizwa wala ya waliotoroka kanisa. Tuipime kwa maneno ya aliyeufungua mlango, na ya aliyeufunga.