Mapigo 63 kwa Mstari

Commodore 64 haimsubirishi mtu. Unaiwasha, na baada ya sekunde 2 au 3 kioo kinakuwa cha buluu, kimezungukwa na ukingo wa buluu iliyopauka, na juu kabisa mashine inataja mali yake yote: kumbukumbu ya kilobaiti 64, ambayo kati yake baiti 38911 ziko wazi kwa atakayeandika programu kwa BASIC. Chini yake kuna neno READY na kisanduku kidogo kinachopepesa. Haiulizi nywila wala haidai kusasishwa. Imemaliza ya kwake, inangoja ya kwako.

Kwa wengi wanaozitunza mashine hizi leo, Ujerumani, Uingereza, Uholanzi na nchi za Skandinavia, buluu hiyo ni utoto wao. Kompyuta iliunganishwa kwenye televisheni ya sebuleni, na baba alipotaka taarifa ya habari, mchezo ulikatwa katikati. Mimi utoto huo sina. Commodore 64 ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1982 kwa dola 595, na Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta tangu mwaka 1974. Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni. Vituo vya kwanza vilikuja mwaka 1994, na mwezi Aprili wa mwaka huohuo kampuni ya Commodore ilifilisika. Tulipishana mlangoni.

Kwa hiyo siwezi kuililia mashine hii. Wenyewe wakishikwa na majonzi ya ujana wao, mimi nabaki nikitazama mikono inavyofanya kazi. Na nadhani mgeni asiye na machozi ana nafasi nzuri ya kuona kilicho bora hapa: watu wameendelea kuujua ufundi huu kwa miaka arobaini na zaidi, na bado hawajaumaliza.

Tuanze na umeme, maana fundi yeyote wa mashine hizi atakukataza kuchomeka transfoma yake ya asili kabla hujaipima. Ni donge zito jeusi ambalo ndani yake limemiminwa gundi ngumu, halifunguki. Linatoa volti 5 za DC na volti 9 za AC. Miaka ikipita na joto likilichosha, kidhibiti cha zile volti 5 huharibika kwa namna mbaya kuliko zote: hakizimi, kinauachia umeme upande. Chipu za kumbukumbu, ambazo hazikuumbwa kuvumilia hata volti 6 kwa muda mrefu, zinaungua huku mwenye mashine akitafuta waya wa televisheni. Mashine nyingi zilizotulia salama darini tangu miaka ya 1980 zimeuawa siku zilipoteremshwa, na furaha ya mwenyewe.

Ikishatokea hivyo, kioo huwa cheusi, na kioo cheusi hakisemi ni nani mkosaji. Inaweza kuwa kumbukumbu, inaweza kuwa prosesa, inaweza kuwa ile chipu iitwayo PLA, inayoamua kila mara ni sehemu ipi ya mashine itakayojibu prosesa inapouliza, na ambayo inajulikana kwa kufa mapema. Hapa fundi mzoefu hutanguliza kidole. Anawasha mashine kwa dakika moja, kisha anazigusa chipu moja baada ya nyingine. Chipu ya kumbukumbu iliyoungua mara nyingi huwa moto kuliko wenzake. Ila kidole peke yake hakitoshi. Kichwa nacho kijue kwamba VIC-II, chipu ya picha, na SID, chipu ya sauti, huwa moto hata zikiwa nzima. Mwanafunzi hung'oa chipu nzima kwa sababu imemchoma kidole.

Kuna na katriji ambayo Commodore yenyewe iliwatengenezea mafundi wake kwa ajili ya mashine zilizozimia. Uzuri wake ni kwamba haitegemei kitu inachokishuku. Haianzi kwa kuandika herufi, maana kumbukumbu ya kuziwekea huenda ndiyo iliyokufa. Inapepesa kioo kizima tu, na idadi ya mipepeso ndiyo inayotaja ipi kati ya chipu nane za kumbukumbu ina kosa. Katika bodi za mwanzo kila moja ya chipu hizo hushika biti moja ya kila baiti, ndiyo maana moja ikifa, mashine nzima inapata kiharusi. Asiye na katriji hiyo huchukua chipu nzima na kuibebesha mgongoni mwa ile anayoishuku, mguu juu ya mguu, kisha anawasha. Kioo kikirudisha hata herufi zilizovurugika, amempata.

Kuitoa ndiyo kazi. Njia za shaba kwenye bodi zimegandishwa kwa gundi ya zamani, na chuma cha kulehemu kikikawia mahali pamoja sekunde chache za ziada, shaba inabanduka. Mwenye busara huitoa kafara chipu iliyokufa ili aiokoe bodi. Anaikata miguu yote 16 kwa koleo, anaondoa kiwiliwili, halafu anarudi kwenye miguu iliyobaki, mmoja mmoja, joto kidogo, vuta, pumzika. Mahali pake hawekwi mrithi moja kwa moja. Inawekwa soketi, ili fundi wa miaka ishirini ijayo asipate tabu hii. Mafundi redio wa Kariakoo na wa barabara ya Luthuli pale Nairobi wangeitambua kazi hii bila kuelezwa.

Wapo pia wanaohangaika na rangi. Plastiki ya makasha huwa ya manjano kwa uzee, nao huipaka haidrojeni peroksaidi na kuianika juani mpaka irudie rangi yake ya mwanzo. Mimi ningeiacha na umanjano wake. Ya ndani ndiyo yenye haki ya kusumbua watu.

Kwenye programu sasa. VIC-II huchora picha mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Katika mashine za Ulaya mistari ni 312, na picha nzima hurudiwa mara 50 kwa sekunde. Mstari mmoja unachukua mapigo 63 ya prosesa, basi. Prosesa hiyo, 6510, inapiga chini kidogo ya mara milioni moja kwa sekunde, na kila amri inayotekeleza inakula mapigo 2 hadi 7. Anayetaka kubadilisha rangi katikati ya mstari, wakati mstari unachorwa, lazima ajue pigo analosimama. Na isitoshe, katika sehemu ya kati ya kioo, kila mstari wa nane VIC-II inaisimamisha prosesa ili isome herufi zitakazochorwa, na mapigo zaidi ya 40 yanapotea. Wenyewe wanaiita mistari mibaya. Kazi iliyokuwa na nafasi ya mapigo 63 sasa ipenye kwenye 20 na kitu.

Aliyewahi kutunga shairi la mizani 16 kwa mshororo anaijua hali hii. Wazo zuri limekuja na mizani 17. Halibishani na mtu, haliingii tu. Mshairi hapanui mshororo. Anarudi kutafuta neno jingine, na mara nyingi neno lililotafutwa kwa shida linakuwa bora kuliko lile la kwanza. Mtunga programu wa Commodore 64 naye anabadilisha amri ya mapigo 4 kwa ya mapigo 3, anahamisha thamani kutoka mahali pa mbali hadi mwanzoni mwa kumbukumbu ambako kusoma ni rahisi zaidi, anafungua mzunguko mmoja kuwa amri mia mbili zilizopangwa foleni ili asilipie gharama ya kurudi nyuma.

Ila kabla ya kuhesabu mapigo, ajue hesabu inaanzia wapi, na hapo ndipo pana ujanja ninaoupenda kuliko wote. VIC-II inaweza kuikatiza prosesa pindi mstari fulani unapofika. Lakini prosesa haiachi amri katikati. Kama imeshika amri ndefu, itaimaliza kwanza, kwa hiyo mkatizo unapokelewa ukiwa umechelewa pigo moja, au manne, au zaidi, na haijulikani mangapi. Rangi inayobadilishwa hivyo inatetemeka ukingoni. Dawa yake: unapopokea mkatizo wa kwanza, agiza wa pili kwa mstari unaofuata, na katikati yake ipe prosesa amri zisizofanya lolote, za mapigo mawili mawili. Mkatizo wa pili utakapokuja utaikuta kwenye amri fupi kabisa, na shaka imebaki pigo moja tu. Pigo hilo la mwisho linaondolewa kwa amri ya kuruka inayokula mapigo 2 isiporuka na 3 ikiruka: unailinganisha namba ya mstari, mkatizo uliowahi unapoteza pigo moja, uliochelewa haupotezi. Kuanzia hapo mko sawa, wewe na mashine.

Tunda maarufu la hesabu hizo ni kuufuta ukingo. Kwa kawaida eneo la picha lina safu 25 za herufi, na nje yake VIC-II inafunika kwa rangi moja. Hapawezi kuchorwa kitu. Inaweza pia kuamriwa ionyeshe safu 24. Ikiwa kwenye safu 24, inakumbuka kuushusha ukingo wa chini inapofika mstari wa 247. Ikiwa kwenye 25, inapofika wa 251. Mtu fulani akaona upenyo. Acha ipite 247 ikidhani ni safu 25, kisha ibadilishe haraka iwe 24 kabla ya 251. Kwenye 247 haikuwa zamu yake, kwenye 251 si zamu yake tena. Ukingo hauteremki, na vile vipicha vinane ambavyo mashine inaweza kuvitembeza juu ya mandhari vinaingia kunakokatazwa. Kingo za kushoto na kulia nazo zinafunguka kwa njia hiyohiyo, ila huko inabidi kurudia kila mstari, kwa pigo lilelile moja, bila kukosa.

Hakuna kitabu cha kampuni kilichofundisha hayo. Yaligunduliwa na vijana, wakapokezana kwa diski zilizotumwa kwa posta, na wakashindana kwenye mikusanyiko ambayo ingali ikifanyika. Finland iliuingiza utamaduni huo wa maonyesho ya programu kwenye orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2020, kisha Ujerumani na Poland mwaka 2021. Onyesho liitwalo Edge of Disgrace, la kikundi cha Booze Design, lilitoka mwaka 2008, yaani miaka 14 baada ya kampuni kufa, na linafanya mambo ambayo hakuna mchezo wa dukani wa miaka ya 1980 ulioyafikia. Kama mashine ingekuwa imeboreshwa kila mwaka, nani angekaa nayo muda wa kutosha kuyapata hayo? Kufa kwa Commodore kulisimamisha nyenzo mahali pamoja, mikono ikapata nafasi ya kuendelea.

Sauti nayo ina habari zake. SID ilibuniwa na Bob Yannes, aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya vinanda vya umeme ya Ensoniq, na aliitaka chipu yake iwe ala, isiwe kengele ya michezo. Ina sauti tatu. Wimbo ukitaka kordi, yaani noti tatu kwa pamoja, sauti zote zimekwisha na hakuna wa kupiga besi wala ngoma. Watunzi kama Rob Hubbard, Mwingereza, wakazipiga noti hizo moja baada ya nyingine kwa sauti moja, zikipishana hadi mara 50 kwa sekunde, mpaka sikio likakubali kuzisikia kwa pamoja. Ule mtetemo wa kordi, ambao leo wanamuziki vijana wanauiga kwa makusudi, ulianza kama ubahili.

Chujio la SID ya kwanza, namba 6581, halikuwahi kutoka kiwandani likiwa sawasawa. Chipu hii inalainisha noti kwa upole, ile inaizima kabisa. Tena ina kasoro: ukibadilisha kiwango cha sauti, inatoa mlio mdogo wa tik. Waliobadilisha kiwango hicho maelfu ya mara kwa sekunde wakaufanya mlio huo kuwa sauti ya nne, ya ngoma halisi na maneno ya binadamu. Kisha kikaja kizazi cha pili, 8580, wahandisi wakawa wamesafisha kasoro, na ngoma zile zikafifia hadi kusikika kwa mbali. Ndipo unapowakuta mafundi waliotumia jioni nzima kuifufua mashine wakishika tena chuma cha kulehemu na kuongeza rezista moja kwenye mguu wa 8580 ili kasoro irudi.

Nyimbo za mashine hii zimekusanywa na wapenzi wake, zaidi ya 50,000, kwenye mafaili madogo mno. Ndani ya faili, kando ya jina la mtunzi na mwaka, kuna mahali pa kutaja kama wimbo ulitungwa kwa 6581 au kwa 8580. Bado wanabishana kuhusu 6581 ya nani.