Maji Yasiyovunda

Chukua pakiti ya tishu za maji za watoto, zile zinazochomolewa moja moja wakati wa kubadilisha nepi. Ndani mna kitambaa laini kilicholowa, na majimaji yaliyokilowesha ni maji kwa zaidi ya asilimia 95. Pakiti hiyo hutoka kiwandani, huvuka bahari ndani ya kontena, hukaa dukani miezi, kisha hufunguliwa kila mara na mkono ambao sekunde chache nyuma ulikuwa umeshika nepi chafu. Pamoja na hayo yote, tishu ya mwisho inatakiwa itoke safi kama ya kwanza. Mimi naihesabu kazi hii miongoni mwa zile ngumu kabisa katika utengenezaji wa vipodozi.

Maji ndiyo adui wa kwanza, maana palipo na maji pana uhai. Adui wa pili ni kitambaa. Mara nyingi hutengenezwa kwa viskosi au nyuzi za miti, na zote mbili ni selulosi, chakula ambacho kuvu wengi wanakimudu. Tena nyuzi hizo hufyonza sehemu ya dawa ya kuhifadhi, kwa hiyo kinachobaki huru ndani ya maji huwa pungufu ya kilichotiwa. Majimaji yanaweza kufaulu vipimo yakiwa chupani, na yakishakilowesha kitambaa yakafeli. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi yake huipima tishu yenyewe.

Njia ya mkato ilikuwepo: kutia sumu kali kidogo tu. Methiliisothiazolinoni huua vijidudu hata ikiwa kidogo mno, na viwanda viliipenda. Lakini watoto na wazazi wao walianza kutokwa na ukurutu. Mwaka 2013 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi, American Contact Dermatitis Society, kiliitaja kuwa kizio cha mwaka, na kufikia 2017 Umoja wa Ulaya ulikuwa umeipiga marufuku katika vipodozi vinavyobaki mwilini bila kusuuzwa. Tishu za watoto zimo humo.

Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipoonekana. Badala ya pigo moja zito, yakaja mapigo mengi mepesi yanayosaidiana. Tazama sodiamu benzoeti, kihifadhi kile kile cha soda na juisi. Ili iue, lazima iwe katika umbo la asidi ya benzoiki, umbo linaloweza kupenya utando wa seli. Kwenye pH ya 4.2, nusu yake iko katika umbo hilo. Ikipanda hadi 5, hubaki kama sehemu moja kati ya saba. Ikifika 6, haizidi asilimia 2. Yaani kihifadhi kile kile, kiasi kile kile, lakini karibu hakifanyi kazi tena! Kwa hiyo fundi hutia asidi ya sitriki na chumvi yake, ili pH itulie pale anapotaka.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba ngozi nayo hunufaika. Ngozi ya kichanga huzaliwa ikikaribia pH ya kati, kisha hupata asidi yake katika wiki za mwanzo. Ndani ya nepi, mkojo ukichanganyika na kinyesi hutoa amonia, pH hupanda, na vimeng'enya vya kinyesi huanza kuichubua ngozi. Asidi hafifu ya tishu huirudisha pH chini. Jambo moja, faida mbili.

Kisha huongezwa kelati, kwa mfano sodiamu fiteti. Yenyewe si muuaji hodari. Kazi yake ni kunyakua kalsiamu na magnesiamu zinazoushikilia ukuta wa nje wa bakteria kama Pseudomonas, na ukuta ukishalegea, asidi dhaifu hupata njia ya kuingia.

Hata hivyo, mchanganyiko mzuri hauokoi kiwanda kichafu. Bakteria aitwaye Burkholderia cepacia anaweza kuishi hata kwenye maji yaliyosafishwa, akijificha ndani ya mabomba katika utelezi kama ule wa mtungi usiosuguliwa. Mwaka 2014, tishu za watoto zilizouzwa Marekani kwa majina mengi ya biashara ziliondolewa madukani kwa sababu yake. Viwanda makini huyafanya maji yazunguke bila kusimama, huyapitisha kwenye chujio na taa ya urujuanimno, na hung'oa kila kipande cha bomba ambamo maji yangetuama.

Mtihani wa kihifadhi, kwa kiwango cha ISO 11930, hauna huruma. Katika kila mililita hupandikizwa bakteria laki moja hadi milioni moja kwa makusudi, na kuvu pia. Ili bidhaa ipite kwa daraja la juu, bakteria lazima wapungue mara elfu moja ndani ya siku 7, wasiongezeke tena hadi siku ya 28.

Mzazi, hesabu zote hizo zilifanywa kwa maji yaliyomo pakitini, si mengine. Tishu zikianza kukauka, usiziongezee maji ya bomba: utapunguza nguvu ya kihifadhi, utapandisha pH, na utaingiza vijidudu vipya kwa mkupuo mmoja. Funga kifuniko kila unapochomoa, weka pakiti mbali na jua, na ukiona madoa au ukisikia harufu ya uvundo, tupa pakiti nzima.